Tarantula mchanga hahitaji huruma nyingi

Mtu akinitumia picha ya tarantula wake mchanga akiuliza mbona hali chakula, mara nyingi jibu liko kwenye picha hiyohiyo: tangi la kufugia samaki, taa ya joto juu yake, na kitoto cha buibui chenye upana wa ukucha kimejikunyata pembeni.

Mpunguzie vitu. Wa ukubwa huo anatosheka na kikopo cha plastiki chenye mfuniko, kilichotobolewa kwa sindano ya moto. Matundu yawe membamba kuliko kichwa chake, la sivyo utamtafuta chini ya kochi. Ndani nashindilia kokopiti, yale makumbi ya nazi yaliyosagwa wanayooteshea miche, hadi zaidi ya nusu. Hupenda kuchimba, tena nafasi ikiwa ndogo juu hawezi kuanguka vibaya. Tumbo lake ni laini, likipasuka ndiyo basi. Upande mmoja nadondoshea maji, mwingine nauacha mkavu, achague mwenyewe.

Taa ya joto iondoe. Wangu ni Tliltocatl albopilosus, jamii ya Nikaragua na Kosta Rika, na nyuzi 22 hadi 26 zinamtosha.

Chakula ni mguu wa nyenje, au nyenje mdogo aliyepondwa kichwa, mara moja au mbili kwa wiki. Kisipoliwa, kesho yake nakitoa.

Kisha kuna siku atagoma, na hapo ndipo watu hupapatika. Tumbo likiwa limejaa, limekuwa jeusi la kung'aa, naye kaziba mlango wa shimo kwa udongo, basi anajiandaa kujivua gamba. Anaweza kukaa hivyo wiki kadhaa. Usimfukue. Wala usimwachie nyenje mzima ndani, maana nyenje mwenye njaa humtafuna buibui aliyelala akijivua. Na hulala chali, miguu juu! Anayekufa huikunja miguu chini ya mwili. Nimeshapokea taarifa za msiba wa buibui waliokuwa wanajivua tu.

Akimaliza, meno yake huwa meupe na laini. Subiri yawe meusi ndipo umlishe. Ngozi aliyoivua usiitupe: akishakua kidogo, iloweshe uitandaze chini ya hadubini utajua jinsia. Jike huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Dume akikomaa hana muda mrefu.

Kumshika mkononi? Hapana, hata akionekana mpole.

Wapo wanaotaka kuanza na tarantula aitwaye Pterinochilus murinus kwa sababu ni wa kwetu, Kenya na Tanzania. Nawaelewa, wale wa rangi ya chungwa wanavutia kweli. Lakini ana kasi, haoni tabu kuuma, na maumivu yake si ya kuchezea. Asiwe wako wa kwanza, na akiwa wa pili, mnunue kwa mfugaji aliyemzalisha mwenyewe, usiende kumchimba porini.