GB 8 au GB 16 kwa kompyuta ya magemu?

Ndugu yangu wa Mwanjelwa, uliyeuliza kama RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 8 itatosha kompyuta ya kuchezea magemu, nakushauri uchukue GB 16, kwa kuwa Windows pamoja na kivinjari chenye kurasa kadhaa humeza sehemu kubwa ya hizo 8 kabla gemu lenyewe halijafunguka. Yangu hapa Iringa ilikuwa na GB 8, na picha iliganda huku taa ya diski ikimetameta bila kukoma. Weka RAM mbili za GB 8 badala ya moja ya GB 16, maana zikifanya kazi sambamba husafirisha data haraka zaidi, hasa kama huna kadi ya grafiki ya peke yake. GB 32 waachie wanaohariri video. Ila kabla ya kulipa, angalia kama ubao mama (bodi kuu ya kompyuta) unapokea RAM ya aina ya DDR4 au DDR5, kwani moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine.