Mdukuzi wa saa tano usiku

Mbukwenyi, wadogo zangu.

Wiki iliyopita nimeingia chumba cha udhibiti nikamkuta kijana wa fildi, hajamaliza hata wiki mbili, ameshapakia programu ya kuingilia kwa mbali kwenye kompyuta ya SCADA, ile ya kuangalia na kuamuru pampu zote. Namuuliza ya nini, ananijibu, "Braza, njia ya kule vumbi tupu. Nikiwa geto nacheki tu." Nilitaka kumfokea nikashindwa. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, kwa vumbi hilohilo. Haya, kaeni chini.

1. Paswedi ya kiwandani ibadilishwe kabla mlango wa paneli haujafungwa. Novemba 2023, kule Aliquippa, Pennsylvania, wadukuzi waliiteka PLC, yaani kikompyuta kinachoendesha mitambo, ya kituo cha kusukuma maji. Serikali ya Marekani ikaonya kwamba vifaa vya aina ile huja na paswedi 1111. Mwezi huu nimefungua paneli tatu za hapahapa. Nilichokuta nanyamaza nacho.

2. Kuingia kwa mbali. Hapa nina deni.

Mwaka wangu wa pili kazini, chini ya mkandarasi mmoja, nilikuwa naangalia vituo viwili vya visima nje ya mji. Mradi wa kituo cha pili niliunakili kutoka cha kwanza, na kwa uvivu sikubadilisha hata anwani ya mtandao: PLC zote mbili zilikuwa 192.168.1.10. Tofauti yake ni moja. Kisima cha pili kilikuwa na sensa ya kina, maji yakishuka pampu inazima. Cha kwanza kilikuwa bado hakijafungwa sensa, kwa hiyo programu yake haikuwa na habari na kina.

Jumamosi, saa tano usiku, nimelala chali Area C, Dodoma, laptopu tumboni, narekebisha kitu kidogo cha kituo cha kwanza. Nikaunganisha. Nikashusha programu kwenye PLC. Taa ya kijani ikawaka, nikalala usingizi wa mtu mwema.

Nilikuwa nimeingia kituo cha pili.

Maji yalishuka usiku ule, programu niliyoshusha haijui kina, pampu ikazunguka kavu hadi alfajiri, mota ikaungua. Asubuhi madumu yamepanga foleni mtaa mzima, na mama mwenye nyumba anagonga dirisha langu: "Baba, si ndiwe wa maji wewe?"

Kwenye kikao mtu akasema, "Tumedukuliwa." Wallahi sikuwa nimelipanga, ila kichwa changu kikaitikia chenyewe. Siku mbili nzima watu wazima walimtafuta mdukuzi, na mimi nimo, natoa mapendekezo ya fayawoli! Kumbukumbu za mfumo zilionyesha aliyeingia ni "admin". Tulikuwa sita, wote admin. Hakuna aliyeweza kuthibitisha kitu, na mimi nikajificha humo kama panya kwenye gunia la uwele.

Siku ya tatu mzee opereta wa zamu ya usiku akaniita chini ya mbuyu. "Kijana, usiku ule nilikuwa naangalia kioo. Mshale wa mausi ukawa unatembea wenyewe." Nikamuuliza mbona hakusema. "Ningesema nini? Kila siku unatembea wenyewe. Nikajua ni wewe."

Jibu hilo liliniuma kuliko mota. Desemba 2015 huko Ukraine, waendeshaji wa gridi waliuona mshale ukitembea vivyo hivyo na kukata swichi moja baada ya nyingine; wateja kama 225,000 wakabaki gizani. Wale angalau walishtuka. Mzee wangu nilikuwa nimeshamzoesha. Angeingia mwizi wa kweli, angemalizia chai yake.

Nikaenda kwa bosi nikasema. Hakunifukuza. Alinipeleka kuivuta ile mota na kuishusha mpya, bomba kwa bomba, jua la saa saba mchana.

Kwa hiyo, ukilazimika kuingia: jina lako mwenyewe, msimbo wa pili kwenye simu, opereta anafungua baada ya kukupigia na anafunga ukimaliza.

3. Ufunguo wa PLC urudi RUN (kuendesha tu) ukitoka PROGRAM (kubadilisha programu), uchomolewe. Saudia, 2017, mtambo wa usalama wa kiwanda cha petrokemikali ulishambuliwa ufunguo ukiwa umeachwa kwenye PROGRAM.

4. Mtandao wa PLC usiuskani, yaani kuupekua kifaa kwa kifaa, kama wa ofisi. Zile kongwe huganda. Na flashi ya bongo fleva ibaki kwenye gari. Stuxnet, kile kirusi cha kompyuta kilichogunduliwa 2010, kilisafiri kwa flashi bila kuhitaji intaneti.

5. Opereta wa zamu aamkiwe, tena uulize ameona nini usiku, kabla hujafungua laptopu. Yule mzee wangu amestaafu, analima zabibu Hombolo. Maji yakikatika tu, hata kama ni bomba limepasuka, simu yangu inaita. Shikamoo haijamtoka mtu mdomoni, ameshauliza: "Kijana, umeingia tena?"