Mwaka wa kwanza chuoni huamuliwa na CA, si na UE

Anayetoka kidato cha sita huingia chuoni na mazoea ya mtihani mmoja mkubwa: unajiachia, unakaza miezi ya mwisho, unatoboa. Chuo hakiendi hivyo. Katika vyuo vingi vya Tanzania kila kozi ina alama 40 za CA, yaani majaribio, asaimenti na semina, halafu 60 za UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula. Chukua mizani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: A inaanzia 70, B+ 60, B 50, C 40. Aliyeingia kwenye UE na CA ya 28 anatafuta 42 kati ya 60 ili apate A. Mwenye CA ya 16 anatafuta 54, na kusema kweli watu wa kupata 54 si wale wanaotoka na CA ya 16.

Jaribio la kwanza mara nyingi huangukia katikati ya muhula. Kwa hiyo anayeripoti wiki ya tatu kwa kusubiri majibu ya mkopo ameshapoteza sehemu kubwa ya muda wa kujiandaa. Ripoti mapema, kisha fuatilia mkopo ukiwa hapo hapo kwenye dawati la mikopo la chuo. Njoo na vyeti halisi vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha kuzaliwa, fomu ya afya iliyojazwa hospitalini na picha za pasipoti za kutosha. Ada na hosteli hulipwa kwa kontroli namba inayotoka kwenye mfumo wa chuo; anayetaka umpe keshi mkononi akusajilie ni tapeli, hata akivaa kitambulisho shingoni.

Kusajiliwa chuoni na kusajili kozi ni mambo mawili. Kozi za lazima na za hiari unazithibitisha mwenyewe kwenye mfumo, na dirisha la kuongeza au kuacha kozi hufungwa wiki za mwanzo. Wapo wanaosoma kozi muhula mzima, wanafanya majaribio yote, halafu jina halionekani kwenye orodha ya UE kwa sababu hawakubonyeza mahali pa kuthibitisha. Ukishamaliza, chapisha ukurasa ule na uutunze.

Sasa muda. Krediti moja inahesabiwa saa 10 za kazi, na mwaka una krediti kama 120. Kozi ya krediti 12 basi ni saa 120. Ikiwa na vipindi vya saa 3 kwa wiki, kwa wiki 15, darasani umekaa saa 45 tu. Zile 75 zilizobaki ni zako, kama saa 5 kila wiki. Kozi tano za namna hiyo zinadai saa 25 za kujisomea, na hakuna mwalimu wa zamu atakayekupeleka prepu. Hapa ndipo wengi wanapopotea: ratiba inaonyesha Jumatano mchana hakuna kipindi, mtu anaisoma kama mapumziko. Ziandike saa hizo kwenye ratiba kama vipindi, zenye jina la kozi na mahali pa kukaa. Maktaba ikijaa, tafuta darasa lisilo na kipindi.

Madesa, yaani notisi, ya kaka na dada wa mwaka wa pili yachukue, lakini yalinganishe na muhtasari wa kozi wa mwaka huu, maana mhadhiri akibadilika na maswali hubadilika. Pasti pepa, yaani mitihani ya miaka iliyopita, ndizo zenye faida zaidi: kusanya za miaka mitatu au minne, uone mada zinazorudi. Na usiache semina ukidhani mhadhara unatosha. Mahudhurio hukaguliwa, na vyuo vingi vinadai asilimia 75.

Boom, yaani posho ya kujikimu, nayo ina hesabu yake. Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, kwa hiyo awamu ya siku 60 ni 600,000. Awamu inayofuata haiji siku ya 61. Igawe kwa siku 75, upate 8,000 kwa siku, na humo mtoke chakula, nauli na steshenari. Malazi yaondoe kabla hujaanza kugawa, hata kama hiyo 8,000 itapungua. Ukikosa hosteli na kuangukia geto, yaani chumba cha kupanga mtaani, jiandae kwa kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, pamoja na ya mwezi mmoja ya dalali. Ni nafuu mkiwa wawili. Saini boom mara majina yanapotoka, kwa kuwa fedha isiyosainiwa ndani ya muda hurudishwa Bodi.

Kuhusu GPA, yaani wastani wa pointi zako, usikubali anayekuambia mwaka wa kwanza ni wa kuzoea. A ina pointi 5, B+ 4, B 3, C 2, na kila pointi huzidishwa kwa krediti za kozi, kwa hiyo C kwenye kozi ya krediti 12 inauma kuliko C ya krediti 8. Daraja la kwanza linaanzia 4.4, na desimali ya pili hukatwa bila kukuzwa: 4.39 ni 4.3. Kwa shahada ya miaka mitatu, aliyemaliza mwaka wa kwanza na 3.4 atahitaji wastani wa 4.9 miaka miwili iliyobaki ili alifikie. GPA ikishuka mno ni kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Sapu, yaani mtihani wa marudio, inakuokoa usirudie kozi, ila alama yake haizidi C hata ukijibu vizuri namna gani.

CA zikibandikwa, linganisha na karatasi zako za majaribio siku hiyo hiyo, na ukiona pengo mfuate mhadhiri kupitia CR, yaani mwakilishi wa darasa, kabla ya UE. Matokeo yakishapitishwa, utaambiwa ukate rufaa, nayo ina ada na siku ya mwisho.