Kabla Hujanunua Toleo Jipya, Uliza Nani Analipa

Juma lililopita kijana mmoja wa Jinja aliniandikia kuniuliza kama kikundi chao kichange fedha za kununua vitabu vipya vya mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi, Dungeons & Dragons. Ningeweza kumjibu kwa neno moja, lakini swali lake limenitonesha kidonda, kwa hiyo atanivumilia.

Hapa Ntinda, Kampala, tulicheza kila Jumamosi kwa miaka mitano tukitumia kitabu kimoja cha toleo la 2014, ambacho jalada lake lilishikiliwa na gundi. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa mchezo, yaani anayeongoza hadithi na kuamua kanuni, na nakiri kwamba cheo hicho kilinivimbisha kichwa. Vitabu vitatu vilivyofanyiwa marekebisho vilipokamilika kutoka, kati ya Septemba 2024 na Februari 2025, nilichukua akiba ya kikundi, nikaongeza yangu, nikaviagiza ng'ambo bila kumshauri mtu. Siku nilipoviweka mezani kwa mbwembwe, mdogo wetu kuliko wote aliuliza, "Kaka, kile cha zamani kilikuwa na kosa gani?" Sikuwa na jibu. Wawili hawajarudi tangu siku hiyo, na mmoja wao nilimfundisha mimi mwenyewe kurusha dadu.

Jibu nililipata baadaye, tena katika hesabu za biashara, si katika kanuni za mchezo. Mchezo huu ulioanza 1974 ni mali ya Hasbro, kampuni ya Marekani iliyoinunua Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo huu, mwaka 1999. Desemba 2022 wakuu wake waliwaambia wawekezaji kwamba mchezo hauingizi fedha kadiri unavyoweza, na kwamba wasimamizi wa mchezo, ambao ni takriban asilimia 20 ya wachezaji, ndio wanunuzi wakubwa. Niliposoma hayo nilijiona nimechorwa sura. Mwaka huohuo walikuwa wameinunua huduma ya mtandaoni ya mchezo huu, D&D Beyond kwa zaidi ya dola milioni 146, kwa maana kitabu cha karatasi hulipiwa mara moja, ilhali huduma ya mtandaoni huweza kulipiwa kila mwezi. Januari 2023 ikavuja rasimu ya leseni mpya ya kutumia kanuni za mchezo, iliyowadai wachapishaji wengine hadi asilimia 25 ya mapato yanayozidi dola 750,000. Wachezaji wakaja juu, na kabla mwezi haujaisha kampuni ikarudi nyuma na kuziweka kanuni za msingi chini ya leseni huria ya Creative Commons.

Basi, mdogo wangu, kanuni hizo pakueni bure, chapeni kurasa mnazozihitaji, mcheze. Kampuni yenyewe ilitangaza kwamba vitabu vipya vinaoana na vya 2014, kwa hiyo haraka ni ya muuzaji, si yenu. Na ewe unayesimamia, waulize wenzako kabla hujagusa akiba yao. Waulize tena hata wakinyamaza.

Kama bado mnataka kuviona, vyangu viko kabatini, na viwili kati ya vitatu havijafunguliwa tangu siku ile. Njoo uviazime, nauli ya teksi kutoka Jinja nitalipa mimi.