Samadi ileile, Kamanyola imeisha, Kabare bado ipo. Kwa nini?

Swali: Agronomu, mimi ni mama mkulima, nakaa Bukavu, Kongo. Nina shamba moja juu huko Kabare na lingine chini huko Kamanyola. Mwezi wa tisa nilimwaga samadi ya ng'ombe ileile pande zote mbili. Sasa ni mwezi wa kwanza. Kamanyola nikichimba naona udongo tu. Kabare bado naokota vipande vya nyasi. Je, udongo wa Kabare umekufa? Niweke dawa gani?

Jibu: Mama, usinunue dawa yoyote. Udongo wako wa Kabare si mgonjwa, una baridi.

Samadi haiozi yenyewe, inaliwa. Bakteria na kuvu hutoa vimeng'enya vinavyokatakata nyasi na kinyesi, kisha hufyonza kinachoyeyuka. Chukua bonge moja la udongo wa Kabare, livunje taratibu karibu na kipande cha nyasi: mara nyingi utaona nyuzi nyeupe nyembamba zimeking'ang'ania. Hizo ni kuvu, ziko kazini. Lakini kasi ya kazi hiyo inafuata joto.

Kamanyola iko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, na mashamba mengi ya Kabare yanapita mita 1,700. Ukipanda mita 1,000, hewa inapoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi. Kanuni tunayoitumia ni hii: joto la udongo likiongezeka nyuzi 10, kasi ya kuoza inakaribia kuwa mara mbili. Kati ya mashamba yako tofauti ni kama nyuzi 5 au zaidi, yaani karibu mara moja na nusu, kwa hiyo kilichomalizika Kamanyola kwa miezi 4 kinahitaji kama miezi 6 Kabare. Hesabu yako mwenyewe inaonyesha hivyohivyo.

Joto bila maji, hata hivyo, halifanyi kitu. Kiangazi, mwezi wa saba, udongo wa Kamanyola ni moto lakini mkavu, na viumbe hao wamelala. Mvua ya kwanza ikishuka, wanaamka kwa pupa. Mtafiti H. F. Birch alilichunguza jambo hili Kenya miaka ya 1950: udongo uliokauka ukiloweshwa hupumua kwa nguvu siku chache na kuachia naitrojeni nyingi, chakula cha mimea. Ukichelewa kupanda, mvua zinazofuata zinaizamisha chini ya mizizi. Na maji yakizidi, kama kule mabondeni kwenye majimaji, oksijeni inakosekana na majani yanarundikana bila kuoza.

Sasa ninachotaka ukishike vizuri, kwa sababu wengi wanakigeuza: shamba la kulihurumia ni la Kamanyola. Joto linalomaliza samadi upesi linakula pia mboji ya zamani, ile inayoshika maji na chakula cha mimea. Huko weka kidogo kidogo, kila msimu, na funika udongo kwa majani ya migomba au mabua. Tia kidole chini ya hayo majani saa nane mchana, kisha kwenye udongo ulio wazi, utahisi tofauti. Kabare, peleka samadi wiki tatu au nne kabla ya kupanda, ikiwa imeshaiva kwenye lundo. Katikati ya lundo zuri joto hupita nyuzi 50, kwa hiyo baridi ya mlimani haikuzuii. Mabua ya mahindi usiyafukie peke yake, yachanganye na majani ya maharagwe, la sivyo bakteria watainyang'anya mimea yako naitrojeni.

Ukitaka kuona kwa macho, kata vipande viwili sawa vya kitambaa cha pamba tupu, ukizike kimoja kila shamba, kina cha kiganja, siku moja na mvua zikiwepo. Vifukue baada ya wiki sita. Cha Kamanyola kitatoka kimetoboka zaidi. Cha Kabare kikitoka kizima kabisa kama ulivyokizika, hapo niandikie tena, tutaangalia uchachu wa udongo.