Maswali ya Wasomaji: Lupu Inayogonga, Leptop Inayochelewa

SWALI: Wakuu, poleni na kazi. Nimepakua Pure Data, ile programu ya kutengeneza sauti kwa kuunganisha visanduku kwa nyaya, kwenye leptop yangu ya zamani. Nina kipande cha ngoma cha biti 8 (yaani mapigo 8), kasi yake 120 kwa dakika, nataka kikimbie 200 kama singeli na nikichezee mubashara kwa kibodi. Kila kikirudi mwanzo kinagonga "tap!" Nimekikata upya mara nyingi, wapi! Kosa langu liko wapi? *Msomaji, Temeke*

JIBU: Tuanze na hesabu, maana wengi huibahatisha kwa sikio. Mpangilio wa kawaida ni huu: «soundfiler» inapakia faili kwenye jedwali, «phasor~» inatembea kutoka 0 hadi 1 na kurudi, unaizidisha kwa idadi ya sampuli za faili (vipimo vidogo vidogo vya sauti), kisha «tabread4~» inasoma. Namba ya kuipa «phasor~» ni kasi unayotaka, gawanya kwa 60, gawanya tena kwa idadi ya biti. Kwa kasi ya 120 utapata 0.25, kwa 200 utapata 0.4167. Kuzidisha ni kwa 176,400 ikiwa faili ni ya sekunde 4 na ilirekodiwa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde. Kama ni 48,000, namba inakuwa 192,000. Usikisie: «soundfiler» yenyewe hutoa idadi hiyo chini yake ikimaliza kupakia. Na usisahau neno «-resize» kwenye amri ya kupakia, la sivyo jedwali linabaki na nukta 100 lilizoanza nazo na hutasikia ngoma yoyote.

Sasa hiyo "tap!" Lupu, yaani kipande kinachojirudia, ni kama kitambaa kilichoshonwa ncha kwa ncha. Wimbi likiishia juu na mwanzo wake uko chini, koni ya spika inalazimika kuruka ghafla, na huo mruko ndio "tap" yako. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, chagua kipande, bonyeza Z ili ncha zote mbili zikae pale wimbi linapokata sifuri, kisha fifisha milisekunde 5 kila upande, yaani sampuli kama 220. Lakini angalia: ukifanya hivyo juu ya pigo lenyewe, ngoma itapoteza makali. Anza kukata milisekunde 5 kabla ya pigo, ufifishe ule ukimya, si ngozi ya ngoma. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kisha wanailaumu programu.

Hiyo ni nusu ya dawa. Ukianza kurukaruka ndani ya lupu, mshono unazaliwa kila unapobonyeza, na kufifisha faili hakusaidii kitu. Fanya hivi. «key» hutoa 49 ukibonyeza 1 na 56 ukibonyeza 8. Toa 49, gawanya kwa 8, umepata sehemu ya lupu: kitufe cha 5 kinakupeleka 0.5, yaani biti ya tano. Kabla namba hiyo haijafika kwenye mlango wa kulia wa «phasor~», ipitishe kwenye «pipe 8» ichelewe milisekunde 8. Wakati huohuo tuma «0 5» kwenye «line~» inayodhibiti sauti, na baada ya milisekunde 9 tuma «1 5». Sauti inazama, lupu inaruka, sauti inaibuka. Sikio halishtuki. Panga utaratibu huo kwa «trigger», maana ukichora nyaya ovyo hujui ipi itatangulia.

SWALI: Nikiongeza kasi, sauti ya mwimbaji inakuwa ya mtoto. Nifanyeje? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Kutoka 120 hadi 200 sauti inapanda karibu nusu-toni 9, ndiyo maana. Kwenye singeli watu huiacha hivyo makusudi, ni sehemu ya utamu wake. Sikiliza mkusanyiko wa Sounds of Sisso uliotolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Sisi tungeiacha.

Ukikataa, ikate sauti kuwa punje, yaani vipande vifupi sana. Weka «tabread4~» mbili, kila moja inacheza punje ya milisekunde 60 kwa mwendo wa asili, moja nusu punje nyuma ya mwenzake, na kila punje inaanza na kuishia kwa sauti sifuri. Kinachokwenda kasi ni pale punje zinapochotwa, si punje zenyewe. Chini ya milisekunde 20 utasikia mvumo kama wa nyuki. Zaidi ya 150, kila pigo la ngoma litasikika mara mbili.

SWALI: Nikibonyeza kitufe, mlio unakuja baadaye. Leptop imechoka? *Msomaji, Mwanza*

JIBU: Huenda haijachoka. Windows ikitumia njia yake ya kawaida ya sauti hupenda akiba kubwa, yaani hukusanya sauti nyingi kabla ya kuicheza. Weka ASIO4ALL, kiendeshi cha sauti cha bure, kisha ichague kwenye Media, Audio Settings. Akiba ya sampuli 1,024 ni milisekunde 23 hivi. 256 ni karibu 6. Shusha hatua kwa hatua mpaka isikike mikwaruzo, halafu panda hatua moja. Mikwaruzo maana yake prosesa haijamaliza hesabu kabla spika hazijadai sauti. Zima Wi-Fi, funga kivinjari, na toa mpangilio wa kubana umeme, ambao hupunguza kasi ya prosesa.

SWALI: Nikichomeka chaja, spika zinanguruma. *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Chomoa chaja. Mngurumo ukikoma, kuna mzunguko wa ethi kati ya leptop na mikisa. Weka DI boksi, kisanduku kinachokaa kati ya leptop na mikisa, yenye swichi ya kukata ethi ya waya wa sauti. Pini ya ethi ya plagi ya umeme usiiguse, hata fundi wa jukwaa akikuambia ni sawa.