Semi ya mkopo, Lobito na TAZARA: jibu kwa mdau wa Mbalizi

Mkuu, umeuliza ukope ununue semi ya kupiga Kongo au uachane nayo, maana umesikia Mmarekani anafungua reli ya kwenda bandari ya Lobito na mzigo wote utahamia Angola. Mimi ni wakala wa forodha Tunduma, nyumbani ni Iwambi, na wanangu wamesoma kwa hela ya malori. Nakujibu kwa upande wa mzigo, siasa watamalizia wengine.

Lobito si ya kubeza. Marekani imeidhinisha mkopo wa dola milioni 553 kwa reli hiyo, na Biden mwenyewe alifika huko Desemba 2024. (Reli hiyohiyo ilifufuliwa na Wachina baada ya vita vya Angola, wakamaliza 2014. Watu wanasahau haraka.) Itakachobeba ni shaba ya upande wa Kolwezi, huko Kongo, na huo mzigo uhesabu kuwa utapungua kwetu. Shaba ya Zambia bado, kwa sababu kipande cha kuiunganisha Zambia na reli hiyo, kama kilomita 800, hakijajengwa.

Wa kukuogopesha wewe yuko hapahapa: TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina ya CCECC, uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Reli hii ya kilomita 1,860 ilijengwa ibebe tani milioni 2 kwa mwaka, na haijawahi kuzifikisha. Sisi tumekula kwa udhaifu wake. Mbeya hatupendi kulisema hili, lakini kila kichwa cha treni kilipolala, kuna tajiri hapa mjini aliongeza gari.

Angalia shaba inavyopakiwa. Ni mabamba yaliyokazwa kwa mikanda ya chuma, mafungu machache sakafuni mwa tela, kwa mbali unadhani gari linarudi tupu, kumbe lina tani karibu 30. Dereva anakaa nayo foleni ya mpakani, anasonga ugali ubavuni mwa tela, na mwenye mzigo kule anahesabu siku. Mzigo mzito, usiooza, unaotoka kwa wingi sehemu moja, huo ndio hasa wa reli. Treni ya mabehewa 20 tu inameza kazi ya semi zaidi ya 20.

Mfano wa mzigo kuhama barabarani tayari tunao. Bomba la TAZAMA lilijengwa 1968, Zambia ilipobanwa na Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ya Ian Smith, kilomita 1,710 kutoka Dar hadi Ndola. Miaka yote lilikuwa la mafuta ghafi, 2023 likageuzwa kubeba dizeli. Waulize wenye matanki ya dizeli yaliyokuwa yakipita hapo Mbalizi. Lobito haikuhusika hata kidogo.

Halafu kuna jambo ambalo wabishi wa Beijing na Washington hawaligusi. TAZARA, reli za Zambia, za Kongo na ya Lobito zote zina upana mmoja, milimita 1,067. Njia zote mbili zikisimama sawasawa, mwenye mgodi atakuwa na bahari mbili za kuchagua na atawagombanisha wenye reli kwa bei. Yeye ugomvi wa wakubwa unamfaa. Wewe mwenye semi moja ndiye utakayeambiwa ushushe nauli.

Ningekuwa wewe, deni la miaka 5 linalotegemea shaba peke yake nisingelichukua. Kutia saini hakuleti vichwa na mabehewa kesho asubuhi, kwa hiyo barabara bado italipa kwa muda. Ukipata mkopo mfupi, ingia. Ila usinunue tela la kontena tu. Tafuta lenye kuta za pembeni, ili Kongo ikilegea ubebe mbolea, mahindi, mbao za Mafinga au viazi vya Makete. Huko Makete na Mafinga hakuna reli, si ya Mchina wala ya Mmarekani.